Mpiga Debe wa Kukodiwa: Uhakiki wa Ushawishi wa Kibiashara kwa Jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki

Makala haya yanahakiki desturi moja ya serikali za Afrika Mashariki ambayo huzungumzwa kwa sauti ya chini: kukodi kampuni ya ushawishi katika mji mkuu wa kigeni ili iinadi nchi na sera zake za biashara. Desturi yenyewe si haramu wala si ngeni. Tunachohoji ni dai linaloambatana nayo mara kwa mara, kwamba kwa kufanya hivyo serikali hizo zinaunadi ubia wa kikanda. Msimamo wetu ni kuwa ubia huo ulipojaribiwa kweli, kila nchi ilikwenda kujitetea peke yake, na mtu aliyestahili kushawishiwa kwanza, yaani mwananchi wa Jumuiya, hakuambiwa neno.

Nsambya, upande wa kusini wa katikati ya jiji la Kampala, ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili. Kwenye Barabara ya Ggaba upo ubalozi wa Marekani, ambako uhusiano wa kibiashara kati ya nchi hiyo na Uganda hushughulikiwa siku hadi siku. Katika eneo hilohilo ipo kambi ya polisi, na zilikuwapo nyumba za wafanyakazi wa reli. Kambi na reli ni miongoni mwa mazingira yaliyokiweka Kiswahili hai nchini Uganda wakati shule zilipokipa kisogo. Kwa hiyo Nsambya ina hadhira mbili zilizo jirani. Ile ya kwanza huandikiwa risala kwa Kiingereza fasaha na wataalamu wanaolipwa. Hii ya pili husikia habari za mtangamano zikiwa zimekwisha kuamuliwa.

Mpiga debe, dalali na mshenga

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kumtaja mtu anayesema kwa niaba ya mwingine, na tofauti kati ya maneno hayo inafaa kuchunguzwa kabla ya kuzungumzia sera. Mpiga debe huita abiria kituoni. Hulipwa na wenye gari, hasafiri nalo, na likiharibika njiani yeye yuko palepale akiita abiria wa gari jingine. Dalali huwakutanisha muuzaji na mnunuzi, akachukua kamisheni yake biashara inapofungwa. Mshenga ni mtu wa namna nyingine kabisa. Hutumwa na upande mmoja, lakini hana budi kukubalika kwa pande zote mbili, na ndoa ikiingia dosari huitwa tena mbele ya wazee aeleze alichoahidi na kwa idhini ya nani.

Kampuni za ushawishi hujieleza kwa sifa za mshenga: zinajenga uhusiano, zinaondoa kutoelewana, zinaziunganisha familia. Wajibu zinaoubeba ni wa mpiga debe. Na hata hapo tunamwonea mpiga debe, kwa kuwa yeye gari lisipojaa hapati kitu, ilhali mikataba mingi ya Washington hulipwa kwa mwezi, lijae lisijae.

Wapo watakaojibu kwa methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Katika bunge lenye wajumbe 535, ambao wengi wao hawana sababu ya kila siku ya kuifikiria Kampala au Bujumbura, kizuri hakijiuzi. Sharti pawepo mtu wa kubisha mlango. Swali ni nani anambishia, kwa jina la nani, na atarudi kutoa taarifa kwa nani.

Uganda na mlango wa AGOA

Sheria ya Marekani ya Ukuaji na Fursa kwa Afrika, ijulikanayo kwa kifupisho cha AGOA, ilitiwa saini mwezi Mei 2000. Iliziruhusu nchi zilizokubaliwa kupeleka bidhaa nyingi Marekani bila ushuru, yakiwamo mavazi. Rosa Whitaker, aliyekuwa ofisa wa kwanza wa ngazi ya juu wa kushughulikia Afrika katika ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, baada ya kuondoka serikalini alianzisha kampuni yake ya ushauri, na serikali ya Uganda ikawa miongoni mwa wateja wake. Kwa upande wa ustadi, uchaguzi huo haulaumiki. Ukitaka kupita mlangoni, huenda kwa aliyeshiriki kuuchonga.

Hata hivyo, mlango ulipofunguka ilibidi kiwepo kitu cha kupitisha. Kule Bugolobi, si mbali na Nsambya, kiwanda cha mavazi cha Tri-Star kilianza kazi mwaka 2003 kwa kuungwa mkono na serikali. Kufikia Oktoba mwaka huohuo wafanyakazi wake, wengi wao wasichana, walikuwa wamegoma kwa kulalamikia mazingira ya kazi, na mamia wakafukuzwa. Kiwanda hakikumaliza muongo. Tunakitaja kwa sababu kinaonyesha mpaka wa ushawishi: kampuni ya Washington inaweza kueleza vizuri jinsi wasichana wa Kampala watakavyonufaika, lakini hakuna kifungu katika mkataba wake kinachoilazimu kuwauliza wasichana wenyewe.

Miaka 20 baadaye hali ilijirudia kwa sura nyingine. Oktoba 2023 Rais Biden alitangaza kuiondoa Uganda katika AGOA kuanzia tarehe 1 Januari 2024, na sababu iliyotolewa ilikuwa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Msomaji awe na maoni yoyote kuhusu uamuzi huo, jambo moja liko wazi: mgogoro ulihusu sheria iliyopitishwa Kampala, na hakuna mpiga debe anayeweza kuzungumza hadi mgogoro wa namna hiyo ukaisha.

Mitumba: mtihani wa ubia

Mfano uliotupa funzo kubwa zaidi ni wa nguo za mitumba, ambazo Kampala huitwa mivumba. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya waliafikiana kujenga viwanda vya nguo na ngozi na kupunguza uingizaji wa nguo na viatu vilivyotumika, kwa lengo la kuviondoa kabisa kufikia 2019. Huo ulikuwa ubia wa kiuchumi kwa maana yake kamili: soko moja, ushuru mmoja, lengo moja. Rwanda iliutekeleza kwa ukali, ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo.

Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani, kifahamikacho kwa kifupisho SMART, kiliwasilisha malalamiko kikidai kuwa ajira zipatazo 40,000 za Wamarekani zimo hatarini. Hatuna haja ya kuipima takwimu hiyo hapa. Tunachotaka kionekane ni namna hoja ilivyojengwa. Chama kilizungumza kwa sauti moja, kikaitaja ajira ya mtu wa kawaida, kikaipeleka kwenye ofisi moja yenye mamlaka ya kutenda.

Jumuiya ilijibu kwa sauti ngapi? Kenya, iliyokuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa mavazi chini ya AGOA katika kanda hii, ilitoa ahadi ya kutopiga marufuku mitumba, na mapitio yalipofunguliwa katikati ya 2017 haikuwamo. Yalizihusu Rwanda, Tanzania na Uganda. Mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Kampala Februari 2018 uliurekebisha msimamo wa awali, ukaelekeza kuwa viwanda vya nguo vikuzwe bila kuhatarisha nafasi ya nchi wanachama katika AGOA. Tanzania na Uganda zikanusurika. Rwanda ilibaki peke yake, na tarehe 30 Julai 2018 mavazi yake yakaondolewa msamaha wa ushuru.

Wanaotetea ukodishaji wa washawishi husema kisa hiki kinathibitisha kwamba Jumuiya ilihitaji kampuni bora zaidi. Sisi tunakisoma kinyume. Kila mji mkuu ulifanikiwa kwa kiasi ulichotaka, na jumla ya mafanikio hayo ikawa kuvunjika kwa azimio la pamoja. Nchi mshirika ikiweka wakili wake, hupimwa kwa kile alichoiokolea nchi hiyo. Hakuna wakili aliyelipwa kusema kwamba wote wanne wabaki au wote wanne watoke.

Pengo la pili lilikuwa nyumbani. Wachuuzi wa Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi bado huliita Owino, wa Gikomba kule Nairobi na wa Karume jijini Dar es Salaam ndio waliokuwa wanaombwa kubadili riziki yao kwa ajili ya azimio hilo. Kama mfungua marobota wa Owino angekuwa ameelezwa katika lugha yake ni mtaji gani utachukua nafasi ya mtaji wake, na lini, serikali yake ingekuwa na umma wa kuutaja mbele ya Washington. Ilikuwa na azimio, haikuwa na watu nyuma yake. Mkataba ulioianzisha Jumuiya, katika Ibara ya 7, unataka ushirikiano unaomlenga mwananchi na kuongozwa na soko. Katika suala la mitumba, soko lilisikilizwa kuliko mwananchi, na hata soko lenyewe halikuwa la kwetu.

Taarifa iliyohifadhiwa ugenini

Lipo jambo linalopaswa kumkera mtafiti yeyote wa eneo hili. Marekani ina sheria ya mwaka 1938 inayowataka mawakala wa serikali za kigeni kujisajili kwa Wizara ya Sheria, kuweka wazi mkataba na malipo yao, na kueleza waliwasiliana na nani kuhusu nini. Sheria hiyo ina mianya yake, hasa kwa shughuli zinazohesabika kuwa za kibiashara tu. Hata hivyo, Mganda anayetaka kujua serikali yake inamlipa nani ili aseme nini huko Washington ana nafasi kubwa ya kupata jibu katika sajili ya Wamarekani kuliko katika ofisi za Kampala, ingawa Uganda ina Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa tangu 2005. Fedha ni ya mlipakodi wa Masaka na Gulu. Hati ya matumizi yake imo kwenye kabati la mwingine, kwa Kiingereza cha kisheria.

Hapa wana Kiswahili tusijisifu mapema. Ni rahisi kudai kwamba mambo yangenyooka laiti hati hizo zingetafsiriwa. Nchini Uganda Kiswahili kimebeba historia nzito. Amri ya Idi Amin ya 1973 ilikifanya lugha ya taifa, na kumbukumbu ya bunduki ikakiandama kwa muda mrefu, hasa Buganda. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza, ukiwamo ufundishaji wa lazima shuleni. Anayetaka kumshawishi mchuuzi wa Owino leo atatumia Luganda, na atakuwa sahihi. Thamani ya Kiswahili katika suala hili iko mahali pengine: ndiyo lugha ambayo mchuuzi wa Gikomba, wa Karume na wa Goma wanaweza kulisoma andiko moja na kugundua kwamba wameahidiwa vitu tofauti. Mshawishi wa nchi moja moja hunufaika hasa pale ugunduzi huo unaposhindikana.

Yatakayofuata

Historia ya mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya inaonyesha kuwa tatizo halihusu Marekani pekee. Mazungumzo ya pamoja yalihitimishwa Oktoba 2014. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016, Tanzania ikakataa, Uganda ikasubiri. Kenya, ambayo haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni na kwa hiyo haipati upendeleo ambao Ulaya huzipa nchi hizo, ilikuwa na maua na mboga za kuokoa, ndipo ikaenda peke yake: saini Desemba 2023, utekelezaji kuanzia 1 Julai 2024. Maslahi yalitofautiana kwa dhati, na hakuna ufasaha ambao ungeyafuta. Mkataba huo umeacha nafasi kwa nchi nyingine za Jumuiya kujiunga. Ina maana wapiga debe watarudi, safari hii wakielekezwa kwetu.

Itifaki ya Umoja wa Forodha tayari inazitaka nchi wanachama kuarifiana kuhusu mikataba ya biashara na nchi za nje. Tunashauri wajibu huo upanuliwe uguse ushawishi: nchi inayokodi kampuni nje kwa jambo linalohusu ushuru wa pamoja iwasilishe mkataba huo kwa Sekretarieti ya Arusha ndani ya siku 30, na muhtasari wake uchapishwe kwa Kiswahili pamoja na jina la kampuni, kiasi cha malipo, muda, na hoja inayotakiwa kutetewa. Kampuni moja isiruhusiwe kuziwakilisha nchi mbili wanachama zenye misimamo inayokinzana katika shauri lilelile. Na pale Jumuiya yenyewe inapokodi, kila dola inayotengwa kwa ajili ya Washington au Brussels iambatane na fungu lisilopungua hilo kwa ajili ya mikutano ya hadhara katika masoko yatakayoathirika, mikutano hiyo ifanyike kabla ya azimio kupitishwa, na kumbukumbu zake zipelekwe mezani kwa wakuu wa nchi zikiwa na maneno ya wachuuzi wenyewe.