Paa Linalozaa Stima

Ingia chini ya paa la mabati pale Bulla Pesa, mjini Isiolo, saa nane mchana, mwezi wa pili, mvua ikiwa bado haijafika. Inua kiganja mpaka kikaribie bati bila kuligusa. Joto utakalolisikia ndilo litakaloamua kama vigae vya sola vitakufaa Isiolo, nalo ndilo watu huliuliza mwisho kabisa, bei na rangi zikishajadiliwa.

Kigae cha sola hakibebwi na paa. Chenyewe ndicho paa. Seli za silikoni zimelazwa chini ya kioo kigumu, kigae cha juu kinalalia cha chini kama magamba ya samaki ili maji yateremke, na kwa ndani waya wa kila kimoja umechomekwa kwa jirani yake. Hapa Kenya kampuni ya Strauss Energy, ambayo msanifu majengo Charity Wanjiku ni mmoja wa waanzilishi wake, ilitengeneza vigae vya namna hii, na miongoni mwa majengo yaliyoezekwa ni Shule ya Sekondari ya Il Ngwesi, kwenye ardhi ya jamii iliyo Laikipia Kaskazini, jirani kabisa na Isiolo. Hesabu iliyo nyuma ya kazi hiyo ni nyepesi: anayejenga lazima aezeke, kwa hiyo pesa ambayo ingenunua mabati inaingia kwenye chombo cha stima. Mwenye mabati mazuri tayari hana faida hiyo. Huyo ningemwambia waziwazi anunue paneli za kawaida.

Jua la Isiolo linakipa kigae upendeleo ambao Ulaya hakiupati. Kule paa lisilotazama kusini hupoteza nguvu nyingi. Isiolo iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri linapita utosini. Paa lenye mteremko wa digrii 15 likitazama mashariki litavuna zaidi asubuhi, la magharibi litavuna zaidi alasiri, na kwa mwaka mzima hasara ni ndogo. Likitazama kusini, mwezi Juni jua limehamia kaskazini, na saa sita mchana upande huo unapoteza kama moja ya tano ya nguvu. Ifikapo Desemba zamu inageuka. Kwa hiyo anayechora nyumba mpya, na kiwanja kikiruhusu, aelekeze mgongo wa paa kaskazini na kusini, ili pande mbili zigawane siku badala ya kugawana mwaka.

Sasa turudi kwenye joto. Nguvu inayoandikwa kwenye kigae hupimwa seli ikiwa na nyuzi 25. Kwa silikoni ya kawaida, kila nyuzi moja juu ya hapo inakula takriban asilimia 0.4. Seli ikifika nyuzi 65, asilimia 16 imekwenda. Ikifika 75, ni moja ya tano. Paneli iliyoinuliwa juu ya bati hupoozwa na upepo unaopita chini yake. Kigae kilichobanwa juu ya ubao hakina pa kupumulia, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Dawa yake iko mikononi mwa fundi wa mbao. Juu ya kenchi, kabla ya mbao zinazoshika vigae, zipigwe kwanza mbao za inchi 2 kwa 2 zinazofuata mteremko, kutoka ukingo wa chini hadi mgongoni. Zinaacha mfereji wa hewa. Chini pabaki wazi, na mgongoni pawe na upenyo uliofunikwa mvua isiingie. Hewa ikipata moto inapanda na kutoka juu, ya chini inavutwa ndani. Mdomo wa chini uwekewe wavu, la sivyo nyigu na popo watahamia humo.

Kosa la pili ni la waya. Vigae vilivyofuatana kwa mstari mmoja hupitisha mkondo uleule, na kilicho dhaifu huwarudisha nyuma wenzake. Upande wa mashariki ukiungwa mstari mmoja na wa magharibi, asubuhi nzima ule wenye jua utausubiri ulio na mwanga hafifu. Kila upande uwe na mstari wake na mlango wake kwenye inverta. Na kwa kuwa vigae ni vidogo, viungo ni vingi. Kiungo kilicholegea hutoa cheche, na stima ya paa haizimiki kwa kubonyeza swichi ya ukutani, kwani jua likiwaka waya zina moto. Ndiyo maana nasisitiza fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, ya daraja la T3 ikiwa mfumo unaungana na gridi.

Wala paa zima halihitajiki. Mita 10 za mraba zinazogeuza asilimia 15 ya mwanga zinatoa wati 1,500 jua likiwa kali. Kwa saa tano za jua hilo ni uniti 7.5, toa joto, vumbi, waya na inverta, unabaki na kama uniti 5. Friji ndogo, taa, runinga na simu za nyumbani haziwezi kuzimaliza. Sehemu iliyobaki iezekwe mabati.

Jambo la mwisho la kuangalia ni vipuri. Kampuni ya Dow ya Marekani ilitangaza vigae vyake vya sola mwaka 2009, na kufikia 2016 ikaacha kuviuza. Mwenye nyumba aliyebaki na kigae kilichopasuka hawezi kuziba pengo kwa kigae cha kampuni nyingine, maana vipimo na viungo havilingani. Nunua vya akiba siku ileile ya kuezeka, vihifadhi pakavu, na mwambie fundi achore ramani ya paa yenye namba ya kila kigae na mstari wake. Ibandike ndani ya mlango wa kisanduku cha swichi, mahali ambapo fundi atakayekuja miaka kumi baadaye ataiona kabla hajapanda ngazi.