"Shore" na Gadi: Dosari Moja ya Tafsiri

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtatiza mfasiri wa Kiswahili ni "shore". Maana yake ya ufuo wa bahari yajulikana na kila mwanafunzi. Lakini liko "shore" jingine, adimu, ambalo kamusi za Kiingereza huliorodhesha mbali na hilo: gogo au boriti inayoegemezwa ukutani au ubavuni mwa chombo ili kisianguke.

Wafasiri wengi hulitosheleza kwa "nguzo". Tafsiri hiyo haitoshi. Nguzo ni kiungo cha jengo. Huchimbiwa, husimama wima, na hukusudiwa kudumu. "Shore" ni ya muda tu. Waashi wa Uingereza wanazo aina tatu: ya mshazari itokayo ardhini, ya kulala kati ya kuta mbili pasipo kugusa ardhi, na ya wima ibebayo mzigo wa juu. Zote huondolewa ukarabati ukiisha. "Mhimili" nao, kama shina lake "himili" lionyeshavyo, hutaja uchukuzi wa mzigo, si muda wake.

Hata hivyo, Kiswahili hakikupungukiwa. Mabaharia wa pwani wanalo neno "gadi". Chombo kipwelewapo hutiwa gadi mbavuni kisilale, mafundi wakapata kukalafati na kupaka sifa. Kazi ikiisha na maji yakijaa, gadi huondolewa. Neno hilo limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Kasoro, basi, si ya lugha bali ya watumiaji wake.

Huenda ikapingwa kwamba "gadi" ni mlinzi pia, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Pingamizi hiyo ni dhaifu: Kiingereza chenyewe huvumilia "shore" mbili, na muktadha huzitenganisha.

Athari ya kosa hili yaonekana zaidi katika kitenzi. Isemwapo kwa Kiingereza kwamba sarafu au serikali imefanyiwa "shore up", magazeti huandika kuwa "imeimarishwa". Kilichoimarishwa kina nguvu zake chenyewe; kilichotiwa gadi bado ni dhaifu, na kikiachiwa kabla ya wakati kitaanguka. Msomaji aliyeambiwa la kwanza badala ya la pili amepewa matumaini ambayo matini asilia haikuyatoa.