Malewa Hayataki Haraka

Krismasi ya mtaa wetu wa Namakwekwe, chini ya Mlima Elgon, huanzia sokoni, siku kadhaa kabla ya tarehe 25, pale mama wa nyumba anapoinamia mafungu ya malewa, akavunja ncha moja na kuinusa. Muuzaji hasemi kitu. Anajua mteja anatafuta nini: harufu ya moshi mkavu, uliokolea mpaka ndani. Fungu lenye dalili ya ukungu hurudishwa mahali pake, na hapo hata likipunguzwa bei halichukuliwi.

Malewa ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, ambao Wamasaaba, yaani Wagisu, wanauita kwa jina la babu yao Masaaba. Mianzi hiyo humea juu kwenye baridi, mita zaidi ya 2,000 kutoka usawa wa bahari, na msitu wake umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1993. Watu wa vijiji vya kando huingia kuvuna kwa makubaliano na mamlaka ya wanyamapori. Machipukizi hukatwa wakati wa mvua yakiwa bado laini, kisha hukaushwa kwa moshi juu ya moto mpaka yageuke rangi ya kahawia. Kwa hiyo kitoweo chetu cha Desemba kilishaanza kuandaliwa miezi kadhaa nyuma, huko Bududa na kwingineko mlimani, na watu ambao hatutawaona mezani. Wachina na Wajapani nao hula machipukizi ya mianzi, na wana ufundi wao. Lakini moshi huu wa Elgon, kwa ulimi wangu, hauna mfano.

Kwenye meza ya Krismasi kuku ana heshima yake, na wali wa mchele wa Doho pia. Hata hivyo kuku huchinjwa asubuhi akaliwa mchana. Malewa hayakubali hivyo. Yanalowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa, yanawekwa mengine. Kisha kuna maji ya majivu. Maganda ya ndizi yaliyokauka, au makapi ya maharage, huchomwa, majivu yake yakawekwa kwenye chombo chenye matundu, maji yakamiminwa juu yake taratibu. Yanayodondoka chini yana rangi ya chai ya rangi, na ukiyaonja yanakuuma ulimi. Haya ndiyo yanayolainisha nyuzi ngumu za mwanzi na kuukata uchungu wake. Siku hizi wengi hununua magadi dukani, na malewa yanaiva. Mimi nabaki upande wa majivu, kwa sababu mpishi anayeyachuja mwenyewe anajua ukali wake, na anajua kijiko kimoja zaidi kitaharibu sufuria nzima.

Kisha malewa huchemshwa sana, na kuchemsha huko kuna sababu. Machipukizi ya aina nyingi za mianzi yakiwa mabichi yana chembechembe zinazotoa sumu ya sianidi, na moto pamoja na maji ndivyo vinavyoiondoa. Waliogundua njia hii hawakuwa na maabara. Walikuwa na ulimi, subira, na binti wa kumfundisha.

Yakishachemka, kisu kinaingia kazini. Hapa ndipo ninapomtambua fundi. Mikono ya mama mzoefu hupapasa kila kipande: kilicholegea kinapita, fundo gumu linatupwa, na macho yake wakati huo yako kwa mjukuu anayekaribia moto. Karanga, nyingi zikiwa zimetoka Teso, zimeshakaangwa na kutwangwa kinuni mpaka zikaanza kutoa mafuta. Zinakorogwa kwa maji, zinamiminwa juu ya malewa, moto unapunguzwa, na kuanzia hapo mwiko haulali. Unakwaruza chini ya sufuria, unarudi juu, unazunguka. Rojo likishika chini, moshi wa kuungua utaufunika ule moshi mzuri wa mlimani na kazi ya siku mbili imekwisha. Dalili ya kuiva ni mafuta ya karanga yanapopanda na kutulia juu. Chumvi huja mwishoni.

Kazi hiyo haiwezwi na mtu mmoja, na hilo ndilo ninalolisifu kuliko yote. Mmoja anatwanga, mwingine anachochea kuni, mwingine anamenya ndizi za kufunga kwenye majani ya mgomba. Ndugu wanafika kutoka Kampala, wamevuka Nile pale Jinja, wamekata kona Nakalama na kuifuata barabara ya Tirinyi mpaka jabali la Wanale likawatokea mbele. Hawajakaa vizuri, wameshapewa kazi. Jirani Mwislamu anaitwa kuchinja kuku ili sahani itakayovuka ua iliwe kwa amani, na Idd ikifika sahani itavuka kurudi. Mwaka wa imbalu, ule unaogawanyika kwa mbili, ngoma za tohara huwa zimepita mitaani tangu Agosti, na malewa yalishapikwa kwenye sherehe hizo pia. Hata hivyo yale ya Krismasi yana utamu wa peke yake, kwa kuwa yanapikwa nyumba ikiwa imejaa.

Sasa yapo malewa yaliyopikwa tayari, mtu ananunua, anapasha moto, anapakua. Mwenye kazi nyingi simlaumu. Ila nyumba hiyo imepata kitoweo na kukosa zile jioni mbili za kinu na hadithi, ambazo kwangu ni nusu ya sikukuu. Na akina mama wanaojua kupima maji ya majivu kwa ncha ya ulimi wanazeeka. Ujuzi wao hauko kwenye kitabu chochote nilichowahi kukiona jikoni mwao.

Basi, ndugu msomaji, kama una kwenu Namakwekwe, Bududa au Sironko, Desemba hii usifike mkesha wa Krismasi. Fika malewa yakiwa bado makavu. Mwombe mama au shangazi akupe kisu, na ukate yeye akiwa anakutazama.