Sifa za Ribiti

Mtu wa Mbeya ukimtajia bati, akili yake inakimbilia paa: msauzi au migongo midogo, geji 28 au geji 30, na fundi wa kupaua kabla mvua hazijaanza. Ana haki, maana mvua za Nyanda za Juu Kusini hazina mzaha. Lakini bati ni zaidi ya paa. Tranka la mwanafunzi anayekwenda bweni ni bati. Jiko la mkaa, karai la zege, mchirizi unaopeleka maji kwenye simtanki, faneli ya mafuta ya taa, koroboi, debe la kupimia mahindi sokoni: vyote ni chuma bapa kilichokatwa, kikakunjwa, kikagongwa na kufungwa. Nataka kuisifu kazi hiyo, na hasa kuisifu kama burudani ya mtu ambaye mkate wake unatoka kwingine.

Mimi ni mwalimu, naishi Iringa. Kazi ya bati nilifundishwa likizo na mzee mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, aliyeianza akiwa kijana na hajaiacha. Nilimwambia sina mpango wa kufungua karakana, nataka kujua tu. Hakucheka wala hakushangaa. "Sawa, mwalimu," akasema. "Basi utaanza na kunyoosha. Kukata kutakuja." Akanipa kipande cha pipa la lita 200 lililopasuliwa na kufunguliwa, kimejaa mabonde na vilima, akaniwekea ekseli ya lori chini yake, akaendelea na shughuli zake.

Nashukuru alianzia hapo. Kunyoosha bati kunapindua akili. Ukiona uvimbe, mkono unataka kuupiga uvimbe wenyewe. Ukiupiga, chuma kinazidi kutanuka palepale, na uvimbe unahama kama panya chini ya mkeka. Dawa ni kuuacha uvimbe na kugonga pembeni yake, kwa duara, mapigo mepesi yanayokwenda mbali nao taratibu, mpaka chuma cha kando nacho kitanuke na kuupa nafasi ya kulala. Mafundi wa kunyoosha bodi za magari kando ya barabara kuu ya Tunduma wanalijua hili vidoleni. Wanapitisha kiganja juu ya mlango wa gari, macho yakiwa kwingine, wanasimama, wanagonga mara mbili, wanapitisha tena. Kiganja kinaona kilichofichika kwa jicho.

Baada ya kunyoosha ndipo huja kuumba. Hapa Iringa tuna bahati ya magogo. Kutoka Mufindi, kwenye misitu ya Sao Hill, kipande cha mkaratusi mnene hakikosekani, na kukichimba kibonde upande wa juu ni kazi ya patasi na subira. Msindano haufai sana, ni laini, unabonyea. Bati linawekwa juu ya kibonde na kupigwa kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, kuanzia ukingoni, mzunguko baada ya mzunguko kuelekea katikati. Ukingo unaanza kupata mikunjo. Mikunjo hiyo isiachwe ijilalie, maana ikijilalia bati litapasuka. Inagongwa ikiwa bado midogo, chuma kiingie ndani ya chuma na ukingo ufupike. Katikati panatanuka, ukingoni panasinyaa, na bakuli linatokea bila mshono wala kiraka. Ukifanya kwa alumini, chuma hicho kitachoka na kuwa kigumu baada ya muda. Basi unakipaka sabuni ya mche upande mmoja, unakipasha moto kwa upande wa pili mpaka sabuni igeuke nyeusi, halafu unakiacha kipoe. Kinarudi kuwa laini. Sabuni inatumika kama kipimajoto, kwa sababu alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, na anayesubiri ione haya atajikuta na dimbwi.

Lakini penzi langu ni ribiti.

Chukua ribiti ya chuma, ile pini fupi yenye kichwa inayofunga mabati mawili, shina lake likiwa na unene wa milimita 4. Tundu lake linatobolewa likiwa kubwa kidogo tu kuliko shina, na lisiwe karibu na ukingo wa bati kuliko milimita 8, yaani mara mbili ya unene wa shina, la sivyo ukingo utachanika siku moja. Unapitisha ribiti kutoka chini, kichwa chake kikalie chuma kizito. Juu pabaki shina la milimita 6 hivi, mara moja na nusu ya unene wake. Pungufu ya hapo kichwa hakitoshi, zaidi ya hapo shina linapinda. Kabla ya kupiga ribiti yenyewe, unachukua kipande cha chuma chenye tundu, unakivika kwenye shina na kukigonga, ili mabati mawili yabanane yasiache hata upenyo wa karatasi. Wengi wanairuka hatua hii kwa haraka, na ndiyo inayotofautisha tranka la miaka mingi na tranka linalolegea kwenye buti la basi kabla halijafika shuleni.

Sasa unapiga, wima, mapigo machache yenye uzito. Shina linavimba ndani ya tundu na kulijaza lote. Hilo halionekani, ila sauti inabadilika: mlio mwembamba wa vitu viwili unakuwa mlio mzito wa kitu kimoja. Halafu unazunguka kwa kichwa cha duara cha nyundo, unazishusha kingo za shina, unaweka juu yake chuma chenye kikombe kidogo na kupiga pigo la mwisho. Kichwa kinakaa, cha mviringo, kinang'aa. Ukiendelea kupiga kwa kufurahia, chuma kinakakamaa na kufanya nyufa. Kujua pigo lipi ni la mwisho ndiyo elimu kubwa ya kazi hii, nami bado naitafuta kila jioni.

Vijana wengi leo wanaunga kila kitu kwa kuchomelea, na siwalaumu. Mageti yote mazuri tunayoyaona Kihesa na Gangilonga hapa Iringa ni kazi ya mikono yao. Ila bati jembamba linatoboka kwa moto huo. Na bati letu limepakwa zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi. Penye kuchomelewa zinki inaungua, moshi wake ukivutwa unaleta homa, na chuma kinabaki uchi mahali palepale ambapo maji yatatuama. Ribiti haihitaji moto. Zinki inabaki kazini. Na siku ya kutengeneza ikifika, unasaga kichwa kwa tupa, unasukuma shina litoke, na kila kipande kinarudi mkononi kikiwa kizima. Tahadhari moja tu: ribiti ya shaba nyekundu usiitie kwenye bati la zinki litakalonyeshewa. Metali hizo mbili zikikutana na maji, zinki inaliwa haraka.

Anayedhani ribiti ni mambo ya masanduku aikumbuke Liemba. Meli ile iliundwa mwaka 1913 na kampuni ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli hadi Kigoma, na huko meli ikagongwa upya ribiti kwa ribiti hadi ikaelea ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiipate. Mwaka 1924 iliibuliwa kutoka chini ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, ikabeba dagaa, mananasi na wasafiri vizazi hadi vizazi. Nikifikiria miaka ile ya kilindini, nafikiria wale waliopiga ribiti Kigoma kwenye jua, wengi wao mafundi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Hata ndege ni ribiti. Tazama ubavu wa Q400 za Air Tanzania kwa karibu unapopanda ngazi: mistari ya vichwa vidogo, maelfu kwa maelfu, imefunga ngozi ya alumini kwenye mbavu zake. Alumini ngumu ya ndege nyingi hudhoofika ikichomelewa, na ufa ukianza kwenye kipande kimoja, mara nyingi hukoma kwenye mpaka wa kipande hicho. Tangu nianze kazi hii, kila kiwanja cha ndege kwangu ni darasa.

Nyanda hizi zenyewe hazikuanza kujua chuma jana. Wakinga wa milima ya Livingstone walifua majembe na mikuki iliyoteremka mpaka kwa Wanyakyusa bondeni. Wanyiha na Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuri za udongo. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipoingia kwa bei rahisi, tanuri zilizimika, lakini nyundo hazikunyamaza: wahunzi walihamia kwenye chuma chakavu, na springi za magari zikawa miundu na visu. Mzee wangu wa Mwanjelwa, na mapipa yake yaliyopasuliwa, ni wa ukoo huo.

Ndiyo maana inaniuma tunapomtajia mtoto ufundi bati kama adhabu ya kufeli mtihani. Mwanafunzi wangu anayejua hesabu vizuri angefurahi kuona jinsi pai inavyomwongoza fundi kukata bati la ndoo, na kwa nini lazima aongeze kidogo kwa ajili ya mkunjo. Watu wazima wenye mshahara nao wangestarehe. Vifaa si vingi: mkasi wa bati, nyundo mbili, tupa, jiliwa, kipande cha chuma kizito, gogo. Bati linapatikana kwa wauza chuma chakavu. Majirani watalalamikia kelele, kwa hiyo saa 12 jioni ni bora kuliko saa 3 usiku.

Sasa hivi uani kwangu kuna kihenge cha bati cha kuhifadhia mahindi, kwa ajili ya mama yangu kijijini, ambako dumuzi hawaachi kitu. Kwa kihenge ribiti peke yake haitoshi, kwa kuwa hewa haitakiwi kupita kabisa: mishono imekunjwa, ikabanwa, ikalehemiwa. Ribiti nimeziweka kwenye vishikio tu, na kila moja nimeilehemu kwa ndani. Mahindi yakaushwe vizuri, yajazwe, mshumaa uwashwe juu yake kwenye kikombe, mfuniko ufungwe. Moto utakula hewa hadi uzimike, na wadudu watamaliza iliyobaki. Mama ameuliza kama anaweza kupata kingine cha maharage. Bati la geji 26 nimeshalitafuta.