Ufundi wa Mwongozaji wa Trauti

Mwongozaji mzuri wa wavuvi wa trauti huanza kazi kabla mgeni hajafungua mfuko wa vifaa. Wakifika ukingoni mwa mto Gura au Chania, juu katika milima ya Nyandarua, humwomba mgeni asimame mbali na maji, naye huchuchumaa nyuma ya kichaka na kutazama. Anaweza kukaa hapo muda mrefu bila kusema neno. Mgeni aliyezoea haraka za mjini huona saa zinapotea bure. Kumbe hapo ndipo samaki anapopatikana. Ufito na mshipi huja baadaye, kukamilisha lililokwisha kuamuliwa na macho. Kazi hiyo ya kutazama haionekani katika picha za samaki zinazopigwa jioni, na ndiyo ninayotaka kuisifu.

Trauti si mwenyeji wa milima yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ndefu kutoka Cape hadi Cairo, aliingiza trauti wa kahawia kutoka Scotland katika mto Gura. Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Baadaye walipandikizwa katika mito ya Mlima Kenya, ikiwemo Thego, Burguret na Nanyuki, na katika maziwa madogo ya huko juu kama Alice na Rutundu. Kiganjo, karibu na Nyeri, kukajengwa kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga. Samaki huyu hutaka maji baridi, yasiyofika nyuzi 20, yenye hewa nyingi, na kwa hiyo anayemtafuta hana budi kupanda mlima. Walowezi ndio walioleta mchezo huu, lakini ujuzi wa mito yenyewe, bwawa kwa bwawa na mwamba kwa mwamba, leo umo vichwani mwa watu wa vijiji vinavyopakana na msitu.

Ujuzi huo huanza na mkondo. Trauti huelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kwa maana chakula chake huletwa na maji. Lakini kupigana na mkondo mchana kutwa kungemmaliza nguvu. Hivyo hujibanza mahali ambapo maji ya pole yanapakana na maji ya kasi: nyuma ya jabali, chini ya ukingo uliochimbwa, au mdomoni mwa bwawa ambapo maporomoko yanatulia. Hapo hupumzika, na kila kipande cha chakula hupita hatua moja tu kutoka mdomoni mwake. Mwongozaji huutafuta mstari wa povu. Povu hupita palepale zinapopita mbawa za wadudu waliokufa, na mahali mstari huo unapolisogelea jabali huwa ameshajua wapi pa kuelekeza chambo cha kwanza.

Kisha hufikiria jicho la samaki. Mwanga hupinda unapoingia majini, na kwa sababu hiyo trauti huona dunia yote ya juu ikiwa imebanwa ndani ya duara lililo juu ya kichwa chake, kwa pembe ya nyuzi 97 hivi. Mtu aliyesimama wima ukingoni huingia katika duara hilo mara moja. Aliyeinama chini hupotea pembeni, ambako kila kitu ni hafifu na kimebanana. Ndiyo sababu mwongozaji hutembea akiwa ameinama, huja kutoka upande wa chini wa mto ili awe nyuma ya samaki, na huliangalia jua ili kivuli chake kisitangulie majini. Haya yote huyafanya bila kuyaeleza. Mgeni mwenye akili huanza kumwiga.

Baada ya mkondo huja mawe. Mwongozaji huzamisha mkono katika maji yanayouma kwa baridi, hugeuza jiwe moja na kulisoma upande wa chini. Hapo kuna tunutu bapa wenye mikia myembamba, mabuu waliojijengea ala za changarawe, mabuu ya usubi walioshikamana, pengine na kaa mdogo wa mtoni. Wapo wadudu wanaoishi majini wiki nyingi wakiwa tunutu, kisha wakapata mbawa, wakaishi saa chache au siku moja mbili, bila hata kinywa cha kulia. Katika nchi zenye majira ya baridi wavuvi hungojea miezi maalumu wadudu hao watoke. Huku kwetu hutoka mwaka mzima, leo hawa, kesho wale, na jibu la jana halitoshi leo. Jiwe hugeuzwa kila safari.

Akishaliona jibu hufungua kisanduku cha vyambo. Kila kimoja kimefungwa kwa mkono: ndoana ndogo, uzi, unyoya wa shingo ya jogoo, nyuzi za unyoya wa tausi, manyoya ya sungura, mzunguko wa waya pale kinapotakiwa kuzama. Kimo pengine na kile kiitwacho Kenya Bug, ambacho mito hii inakifahamu tangu zamani. Fundi huchagua kwa ukubwa kwanza, umbo pili, rangi mwisho, kisha hukishika kando ya mdudu aliye juu ya jiwe na kuvilinganisha. Nimeona nyuso nyingi za watu wanaopenda kazi yao. Uso wa mwongozaji wakati huo ni mmojawapo wa zile nzuri zaidi.

Kurusha kwenyewe ni somo la subira. Katika uvuvi wa kawaida uzito wa risasi ndio unaouvuta mshipi. Hapa chambo hakina uzito wowote wa kutajika, na mshipi mnene ndio unaokibeba. Lazima mrushaji asite ufito ukiwa nyuma, mshipi ujikunjue wote, ndipo aulete mbele. Tatizo ni kwamba mito ya Nyandarua haina nafasi ya nyuma. Kuna mianzi, kuna matawi yenye kuvu, kuna miiba. Mwongozaji humfundisha mgeni kuuviringisha mshipi mbele juu ya maji bila kuupeleka nyuma kabisa. Penye nafasi finyu zaidi humwonyesha kuishika ndoana kwa vidole viwili, kuuvuta ufito mpaka upindike kama upinde, kisha kuiachia. Chambo huingia chini ya tawi na kutua.

Hapo kazi ngumu ndipo inapoanza, kwa maana chambo hakina budi kuelea kwa mwendo uleule wa maji. Mshipi ukikivuta hata kidogo, trauti hugundua na kukiacha. Mwongozaji husimama begani mwa mgeni na kusema kwa sauti ya chini: "Inua ufito, mzee. Usikivute. Acha maji yakilete." Samaki akija, yeye ndiye humwona kwanza, ila heshima ya kumvuta humwachia mwingine.

Na wakati wote huo anausoma msitu. Sauti ya maji inayompendeza mgeni huficha hatua za nyati na tembo, kwa hiyo mwongozaji huinua kichwa kila mara, hutazama kinyesi kama kingali na mvuke, husikiliza ndege walionyamaza ghafla. Maji yakianza kubadilika rangi na kubeba majani mengi, anajua mvua imenyesha huko juu, na humtoa mgeni mtoni kabla mto haujajaa. Kwenye Gura, unaopokea maji ya maporomoko ya Karuru yenye mita 273, hilo si jambo la kubishania. Huko Rutundu na Alice, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, mwongozaji husikiliza pumzi na maneno ya mgeni, kwa kuwa ugonjwa wa mwinuko huanza na maumivu ya kichwa ambayo watu huyadharau.

Samaki anayerudishwa majini hushikwa kwa mikono iliyolowa, ili ute unaolinda ngozi yake usifutike. Huelekezwa mkondoni mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu zake. Nimeona mikono yenye sugu za jembe ikifanya hivyo kwa upole usio na haraka.

Mtu anayeutazama mto kwa namna hii huwa wa kwanza kujua unapougua. Tope likiteremka kutoka shamba lililofyekwa mpaka ukingoni, huziba changarawe ambamo trauti hutaga, na mayai hukosa hewa. Kivuli cha miti kikiondoka, maji hupata joto. Hata asiyewahi kumwona trauti ana hisa katika habari hizo: Gura na Chania humwaga maji katika Tana, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Nyandarua. Wenye mamlaka juu ya vyanzo hivi wangefanya vyema kuwauliza waongozaji hawa wanachokiona.

Nawe msomaji, ukijaliwa kwenda huko, usiende peke yako na usiende kwa pupa. Tafuta mwongozaji wa kijiji kinachopakana na mto huo, mwache atangulie, chuchumaa anapochuchumaa, uliza anapokaribisha swali. Siku ikiisha, mlipe kwa bei ya fundi, si ya mpagazi.