Mikono na Sauti ya Lupita

Itazame mikono kwanza. Katika 12 Years a Slave, filamu ya Steve McQueen ya mwaka 2013, Lupita Nyong'o ni Patsey, mtumwa anayechuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku na kuwashinda wanaume wote shambani. Kuna kipande kifupi anapoketi akitengeneza vidoli kwa maganda ya mahindi. Sisi wa Kehancha tumekulia katikati ya mahindi, na anayeyashika kwa kubahatisha tunamtambua mara moja. Vidole vyake havibahatishi.

Baadaye mikono hiyohiyo inashika kipande cha sabuni alichokwenda kukiomba shamba la jirani. Bwana wake anamngoja kwa ghadhabu. Sauti ya Patsey inaanza na hofu, kisha inapanda, hadi anamwambia wazi kwamba kwa kazi yote anayoifanya, anachotaka ni kuwa safi tu. Haruki daraja hata moja katika kupanda huko.

Ustadi huo una historia ndefu, na mimi huifuata katika kazi zake ndogo. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet na kundi la Phoenix Players jijini Nairobi. The Constant Gardener (2005) ilipokuwa ikipigwa nchini Kenya, alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa nyuma ya kamera. Amesimulia katika mahojiano kwamba Ralph Fiennes alimshauri aingie kwenye uigizaji iwapo tu hawezi kuishi bila huo. Ikafuata filamu fupi ya East River mwaka 2008, kisha tamthilia ya televisheni ya Shuga mwaka 2009, akiwa Ayira. Mwaka huohuo alitoa In My Genes, filamu aliyoiongoza mwenyewe kuhusu Wakenya wenye ualbino. Hiyo ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa kuwa humo kazi yake ni kuwasikiliza watu. Akahitimu uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2012, na tarehe 2 Machi 2014 akapokea tuzo ya Oscar kwa nafasi ya Patsey.

Mahojiano yake nayasikiliza mara mbili, ya pili bila picha. Huku kwetu, mwendo mfupi kutoka Isebania na Sirare kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, sikio limezoea kupima lafudhi: Kiswahili cha huku na cha ng'ambo ya mpaka hatuvichanganyi. Kwa sikio hilo namsikia katika Queen of Katwe (2016), akiwa Nakku Harriet, mama wa bingwa wa chesi Phiona Mutesi. Kiingereza chake humo ni cha Kampala, na hakitetereki hata mama huyo anapofoka.

Kisha Us, mwaka 2019, ambamo anaigiza wanawake wawili wenye sura moja, Adelaide na Red. Alieleza kwamba mwongozaji Jordan Peele alimpa maneno mawili ya kumjengea Red: malkia na mende. Yatazame yakifanya kazi: mgongo wima, shingo imetulia, halafu mwili unahama ghafla bila kutangaza unakoelekea. Sauti ya Red inakwaruza, inakatika, inavuta pumzi pasipo nafasi ya pumzi. Alisema chanzo chake kimoja ni maradhi yanayokaza nyuzi za sauti bila hiari. Wenye maradhi hayo walipoumizwa na maelezo hayo, aliwaomba radhi hadharani, na heshima yangu kwake ikaongezeka.

Katika filamu ya katuni ya The Wild Robot (2024) hana uso wala mikono. Ana sauti tu. Roboti Roz anaanza kwa uchangamfu uliopangwa, kila neno likiwa na uzito sawa na jenzake. Kadiri anavyomlea kinda wa bata bukini, sauti inashuka, inapata kusita, inaacha baadhi ya maneno yawe mazito kuliko mengine. Ukisikiliza mwanzo kisha ukaruka hadi mwisho, tofauti ni kubwa mno. Ukiitazama filamu nzima kwa mfululizo, hupati mahali ilipobadilika, na mimi nimerudisha nyuma mara nyingi nikipatafuta.