Mashimo ya Wasirikwa

Mtu akitoka mjini Nakuru kwa barabara kuu iendayo Nairobi, hafiki mbali kabla ya kukikaribia kilima kimoja cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Atazamaye upesi hataona hapo ila majani, miamba, na mabonde madogo ya mviringo, kana kwamba ardhi ilibonyezwa kwa kidole cha jitu. Mabonde hayo ni mashimo ya Wasirikwa. Nia ya insha hii ni kuyapima kama tupimavyo shairi au hadithi: yalifanywa kwa kusudi gani, yalitimiza kusudi hilo kwa kadiri gani, na je, waliotangulia kuyaeleza waliyaeleza kwa haki?

Mary Leakey alichimba katika kilima hiki mwaka 1937 na 1938. Kazi yake ilikuwa ya uangalifu na yastahili shukrani, maana mwaka 1943 mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya kuhifadhiwa. Hata hivyo, katika jambo moja alikosea. Aliyaona mashimo kuwa nyumba, akadhani kwamba watu walikaa ndani yake chini ya paa. Dhana hiyo haikuwa ya kijinga, kwa kuwa vigae vya vyungu na mifupa ya wanyama vilipatikana karibu. Lakini jina baya hutembea upesi kuliko ushahidi. Wazee wetu wakaingia vitabuni kama watu wa kukaa mashimoni, na neno hilo si jepesi kwa mtoto alisomaye juu ya nchi yake mwenyewe.

Mwaka 1957 Merrick Posnansky alichimba mashimo mengine ya namna hiyo huko Lanet, kando ya Nakuru. Tangu miaka ya 1960 John Sutton akayafuata mashimo kama hayo katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, kisha akarudi Hyrax Hill kuyachunguza upya. Ukweli ukadhihirika. Shimo lilikuwa zizi la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyumba ilikuwa ya mviringo, nayo ilijengwa ubavuni mwa zizi, mlango wake ukielekea ndani ya zizi. Kilima kidogo kionekanacho mbele ya kila shimo ni lundo la samadi, majivu na takataka zilizotolewa siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka.

Sasa tuitazame kazi hii kama kazi ya wajenzi. Shimo la kawaida lilikuwa na upana wa mita kumi au zaidi, na kina cha kumzidi mtu mzima kimo. Lilichimbwa katika mteremko, na lango lake liliwekwa upande wa chini ili maji na uchafu vipate njia ya kutokea. Penye mawe mengi kuta zilijengwa kwa mawe. Penye udongo mtupu ukingo ulizungushiwa ua. Lango lilikuwa moja na jembamba, na aliyetaka kuifikia nyumba hakuwa na budi kulipitia. Kwa hiyo mwizi wa usiku hakuweza kuiba ng'ombe bila kupita mbele ya masikio ya mwenye mali. Hapana kilichozidi na hapana kilichopungua. Mshairi akiweza kulipa kila neno kazi yake, twamsifu. Mjenzi aliyelipa kila jiwe kazi yake asifiwe kwa kipimo kilekile.

Kosa la kuita zizi nyumba si la Nakuru peke yake, maana popote mgeni ahukumupo jengo kwa sura kabla ya kuuliza matumizi, hupotea. Waigbo wa upande wa Owerri, nchini Nigeria, walikuwa na desturi ya kujenga nyumba iitwayo mbari na kuijaza sanamu za udongo zilizopakwa rangi. Haikuwa ya kukaa mtu. Ilitolewa kwa heshima ya Ala, mungu wa ardhi. Ilipokwisha kusherehekewa iliachwa ibomoke yenyewe. Mgeni angaliweza kuita kubomoka huko uzembe, kumbe ibada yenyewe ilikuwa katika kujenga, wala si katika kutunza.

Swali hilo la matumizi hutufaa hata mbele ya makaburi. Katika Hyrax Hill hiyohiyo yako makaburi ya watu waliowatangulia Wasirikwa kwa muda mrefu sana, na katika makaburi ya wanawake vilionekana vyombo vya mawe. Katika pango la Mto Njoro, lililochimbwa mwaka 1938, maiti zilizochomwa moto zilikutwa pamoja na bakuli za mawe, michi na shanga, vitu vya tangu miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Bakuli lililowekwa kando ya maiti si chombo cha jikoni tena. Hatuzijui sala za watu wale, lakini twajua kwamba hawakumwacha mfu wao aende mikono mitupu.

Hata hivyo sifa nayo ina mpaka. Wako wapendao kuyaita mashimo haya ngome za wafalme, na hao hukosea kwa upande wa pili. Zizi la Msirikwa lilimzuia mwizi mmoja au kikundi kidogo. Halikuweza kulizuia jeshi. Majeshi makubwa ya wafugaji wenye mikuki yalipotokea, hekima ya zamani haikutosha, na kabla ya karne ya 19 desturi ya kuchimba mazizi ilikuwa imekwisha. Watu wenyewe hawakutoweka. Wengi walibadili maisha na jina, na hata leo ziko koo za Wakalenjini zinazosema kwamba asili yao ni Wasirikwa.

Basi, mwanafunzi, ukipanda kilima kile usisimame ukingoni na kusema, "Hapa palikuwa shimo." Tafuta lango upande wa chini. Tafuta lundo la samadi. Simama ubavuni, mahali ilipokuwa nyumba, ukawaze ng'ombe waingiao jioni na mama asikilizaye hesabu ya kwato. Shimo likifukiwa kwa jembe halichimbuliki tena kama lilivyokuwa, na hukumu mbaya ikisha kuandikwa hufutika kwa taabu. Kazi ya wazee yataka tuiulize kabla ya kuihukumu.